Ualimu wa serikali Tanzania Bara: njia nzima kuanzia kombi mpaka cheki namba

Kuna kitu vyuoni hawakisemi kwa sauti: kuhitimu ualimu na kuajiriwa ualimu ni mambo mawili tofauti kabisa. Zamani kidogo ulikuwa unamaliza chuo, unakaa nyumbani, siku mkeka wa majina unatoka unaangalia umetupwa wilaya gani, unafunga begi. Baadaye ikaja kuomba kupitia mfumo wa TAMISEMI, ile ofisi inayosimamia serikali za mitaa, napo hakukuwa na usaili, walikuwa wanaangalia vyeti vyako na mwaka uliomaliza. Kuanzia 2024 walimu tukaingizwa kwenye utaratibu uleule wa watumishi wengine, yaani unaomba Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, unafanya usaili, ukipita ndio unapangiwa kituo. Kwa hiyo mtu akikwambia we soma tu ufaulu usubiri kupangiwa, huyo anaongelea Tanzania nyingine, mpotezee kwa heshima.

Haya ninayoandika ni ya Bara. Zanzibar wana wizara yao ya elimu na Tume ya Utumishi yao, utaratibu wao ni mwingine.

Kabla ya hatua zenyewe tuwajue wahusika maana watu wanachanganya sana halafu wanapeleka malalamiko ofisi ambayo haihusiki. Wizara ya Elimu inashughulika na sera, mitaala na vyuo vya ualimu. NECTA anatunga mitihani na kutoa vyeti. TCU anasimamia vyuo vikuu. TAMISEMI ndio mwenye shule, kwa maana shule za serikali za msingi na sekondari ziko chini ya halmashauri. Sekretarieti ya Ajira kazi yake ni kutangaza nafasi, kusaili na kupanga waliofaulu. Mkurugenzi wa halmashauri ndio anakuwa mwajiri wako. Halafu kuna Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2015, ambayo utakutana nayo ukishaingia kazini kwenye kuthibitishwa, kupanda daraja na mambo ya nidhamu. Ipo pia Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya 2018 inayohusu usajili na leseni za walimu, nayo ni ya kuifuatilia, usije kushtukizwa.

Hatua ya 1: chagua ngazi, ila chagua somo zaidi

Ngazi ziko tatu. Ya kwanza ni astashahada, ile watu wanaita Grade A, unaingia na matokeo ya form four division one mpaka three, unasoma miaka 2, unafundisha msingi. Mwelekeo wa serikali ni kumsukuma mwalimu wa msingi afike stashahada, kwa hiyo kama una sifa ya kwenda diploma moja kwa moja nenda diploma, usije ukarudi darasani baadaye una watoto wawili na mkopo benki. Ya pili ndio hiyo stashahada, kwa aliyemaliza form six mwenye prinsipo mbili, yaani amefaulu masomo mawili kwa A mpaka E, ni miaka 2, na zimekuwepo pia programu za miaka 3 kwa waliotoka form four hasa wa sayansi na hisabati. Ya tatu ni shahada, miaka 3, iwe ya sanaa na elimu, ya sayansi na elimu au ya elimu yenyewe. TCU wanataka prinsipo mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ukihesabu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinaingia, ila chuo kinaweza kuweka masharti yake juu ya hayo, na kwa kawaida masomo utakayofundisha ni yale uliyofaulu form six. Mwenye diploma ya ualimu naye anaruhusiwa kwenda digrii, anatakiwa awe na wastani wa B.

Kwenye matangazo ya ajira hizo ngazi utaziona kwa majina mengine. Mwalimu Daraja la III A ni wa astashahada, III B stashahada, III C shahada. Mishahara inaenda hivyohivyo, TGTS B, C na D. Kariri hayo, maana kuna watu wenye digrii wanabonyeza III B kwa sababu wameona nafasi nyingi halafu wanashangaa hawajaitwa.

Kama ulisoma digrii isiyo ya ualimu, mfano una shahada ya kemia au ya Kiswahili kavu bila elimu, mlango upo, unasoma stashahada ya uzamili ya elimu, ile PGDE. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, Chuo Kikuu Huria wanayo, na vingine.

Sasa somo. Hapa naomba unisikilize vizuri kidogo. Nafasi za ualimu zinatangazwa kwa somo, sio kwa ujumla. Tangazo linasema Mwalimu Daraja la III C somo la Fizikia nafasi kadhaa, Hisabati kadhaa, Historia kadhaa, na wewe unashindana na wenzako wa somo lako tu. Mtaani kumejaa walimu wa Historia, Kiswahili na Jiografia mpaka basi, wazuri tu, wenye GPA zao, wako kwenye bodaboda na vibanda vya miamala. Wakati huohuo kuna shule za kata mwalimu wa Fizikia ni mmoja kuanzia form one mpaka form four, na siku akiugua somo limeugua. Sisemi mtu asiyependa hesabu akasome hesabu, huyo atateseka yeye na watoto, nasema kama kombi yako inakupa uchaguzi kati ya mawili, chagua lenye uhaba. Kama wewe ni wa sanaa, Kiingereza kina pumzi kidogo kuliko Historia.

Halafu angalia na mtaala mpya ulioanza Januari 2024. Umeleta mkondo wa amali sekondari, umeleta Elimu ya Biashara na Historia ya Tanzania na Maadili kwa wanafunzi wote, kwa hiyo matangazo yameanza kutaja masomo ambayo zamani hukuyaona kwenye ajira za ualimu, za amali hasa, ushonaji, uashi, umeme, kilimo. Mwenye ufundi wake akiongezea elimu ya kufundishia yuko pazuri. Na ukumbuke mtaala huo umeshusha msingi kuwa miaka sita, kwa hiyo 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, so 2028 form one inapokea mikupuo miwili kwa mpigo. Hao watoto lazima mtu awafundishe. Sikuahidi kitu, nakupa hesabu tu.

Elimu maalum pia usiipite. Chuo cha Patandi kule Arusha kinajulikana kwa hiyo kazi, na walimu wa wanafunzi wasioona, viziwi na wenye changamoto za akili bado hawatoshi.

Hatua ya 2: chuo

Hapa sitakaa sana. Vyuo vya ualimu vya serikali viko vingi, Butimba, Korogwe, Mpwapwa, Kleruu, Marangu, Tabora, Songea na wengineo, na kwa vyuo vikuu wengi wanapita DUCE, Mkwawa, UDOM, Huria. Cha maana hakikisha chuo na kozi yenyewe vinatambulika kwa mwaka unaoingia, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili wa TCU au tangazo la wizara ujisomee mwenyewe, usimuachie dalali wa udahili aliyekaa stendi na fulana ya chuo.

Mazoezi ya kufundisha, BTP kwa wa vyuoni au TP kwa wa chuo kikuu, yachukulie serious. Wengine wanaenda kule kupiga picha wameshika chaki, wanamsubiri msimamizi aje siku ya tathmini ndio waandae zana. Kule ndio sehemu pekee utakapoandika azimio la kazi na andalio la somo mara nyingi mpaka mkono uzoee, na usaili utakuja kukuuliza hivyohivyo. Tunza yale maandalio yako, usiyafungie maandazi.

Ukimaliza, fuatilia cheti chenyewe na transkripti. Sio "matokeo ya awali", cheti. Nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 3: karatasi zako, na hapa ndipo watu wanapofia

Ukiniuliza walimu wengi wanakwama wapi sikwambii usaili, nakwambia majina. Chukua meza, weka juu yake cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four, cha form six kama unacho, cha ualimu, transkripti, na kitambulisho cha NIDA. Soma jina herufi kwa herufi, usisome kama unavyojijua, soma kama karani asiyekujua. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, form four Mohammed. NIDA ina majina matatu, cheti cha shule kina mawili na herufi moja katikati. Mussa yenye s mbili na Musa yenye moja. Dada ameolewa NIDA ikachukua jina la mume, vyeti vyote vina jina la baba. Tarehe ya kuzaliwa nayo, kwenye cheti 1999, kwenye NIDA 1997 kwa sababu siku ya kuandikishwa mtu alijibu kwa kukadiria. Hivi vitu kwa macho yako ni vidogo, kwa mfumo ni watu wawili tofauti.

Dawa yake inategemea kosa liko wapi. Kama kosa liko NIDA peke yake na vyeti vyote vinakubaliana, rekebisha NIDA, nenda ofisi yao ya wilaya na cheti cha kuzaliwa. Kama cheti cha kuzaliwa ndio kina kosa, hiyo ni RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Kama vyeti vya shule ndio vinapingana na vingine, NECTA hawabadilishi majina kirahisi, hapo unaandaa hati ya majina inayoitwa dipoli (deed poll), wakili anakuandalia, halafu, na hii ndio watu wanaisahau, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ikiwa na mhuri wa wakili peke yake inaweza kukataliwa mlangoni siku ya usaili, tena baada ya wewe kulala gesti na kula nauli. Usisubiri ajira zitangazwe ndio uanze, maana siku tangazo likitoka foleni ya NIDA, RITA na mawakili ni ya nchi nzima na dirisha la maombi huwa fupi.

Vyeti vinavyokubalika ni vyeti. Kila tangazo la Sekretarieti linarudia, hati za matokeo za form four na six, testimonio, matokeo ya awali, hivyo vyote havikubaliki. Kama cheti chako bado kiko shuleni ulikosoma kwa sababu ulikuwa unadaiwa dawati au mchango wa mlinzi, nenda kamalizane nao leo. Kama kimepotea, ripoti polisi upate taarifa ya upotevu, kisha fuata utaratibu wa NECTA, na unachukua muda. Uliyesoma nje ya nchi vyeti vyako vipitie kuhakikiwa kwanza, NECTA kwa vya sekondari, TCU kwa vya chuo kikuu, NACTVET kwa vya vyuo vya kati.

Kingine, ufanye nakala zilizothibitishwa na mwanasheria au wakili, hasa cheti cha kuzaliwa. Skani vizuri, sio kupiga picha ya cheti kikiwa juu ya kitanda huku shuka la maua linaonekana. Kila cheti faili lake la PDF, lipe jina linaloeleweka, hifadhi kwenye imeili yako na flashi.

Sifa nyingine za jumla ni fupi, uwe raia, umri usizidi miaka 45, usiwe mtumishi wa umma tayari maana walio kazini wana utaratibu wao wa kupitisha barua kwa mwajiri, na usiwe ulistaafishwa au kufukuzwa kwenye utumishi wa umma. Mwenye ulemavu ahakikishe anaainisha kwenye maombi, matangazo yenyewe yanawahimiza waseme. Na vyeti vya kufoji naomba tusizungumze kabisa, uhakiki wa vyeti vya watumishi miaka ile ya 2016 na 2017 ulifagia watu waliokuwa wamefundisha miaka na miaka.

Hatua ya 4: akaunti ya Ajira Portal, fungua mwenyewe

Anwani ni portal.ajira.go.tz. Unahitaji namba ya NIDA, imeili inayofanya kazi na namba ya simu. Usajili ni bure, kuomba ni bure, usaili ni bure, ukimsikia mtu anasema kuna hela ya fomu au ya kusukuma faili huyo ni tapeli hata kama anajua jina lako kamili na kozi uliyosoma, hayo majina yapo kwenye mapdf hadharani.

Steshenari. Najua wengi mtaenda steshenari kwa sababu ya bando au simu ndogo, sio dhambi. Ila ukienda, imeili iwe yako, paswedi uitunge wewe na uiandike kwenye daftari lako, namba ya simu iwe yako. Nimeshuhudia kijana wa steshenari akimfungulia mteja akaunti kwa imeili aliyoitengeneza palepale, na paswedi ya kawaida anayowapa wateja wote, kisha mwenye steshenari akahama mtaa. Siku ya kuchukua namba ya usaili binti wa watu anazunguka mji mzima anatafuta duka lililofungwa.

Ukishaingia, jaza kila sehemu mpaka mwisho: taarifa binafsi, mawasiliano, elimu, taaluma, mafunzo, uzoefu kama upo, wadhamini watatu wanaopatikana kwenye simu. Kwenye elimu andika kozi yako kama ilivyo kwenye cheti na uchague kada sahihi, hapa wengi wanateleza, mtu amesoma shahada ya sanaa na elimu yeye kachagua shahada ya sanaa tu kwa sababu ndiyo iliyotokea juu kwenye orodha, mfumo unamsoma hana ualimu. Masomo yako ya kufundishia yaonekane, na transkripti ambatisha maana ndiyo inayothibitisha umesoma somo gani.

Sehemu ya anwani ya makazi weka mkoa unaoishi sasa hivi kweli. Usaili wa walimu umekuwa ukifanyika mikoani na unapangiwa kutokana na mkoa ulioujaza, so kama uko Geita lakini akaunti bado inasema Dar ulikosoma, utakula nauli mpaka Dar.

Hatua ya 5: kuomba

Tangazo likitoka lisome lote, lile PDF lote mpaka ukurasa wa masharti, usitegemee kile kipande kilichokatwa kwenye grupu la WhatsApp. Angalia sifa ya mwombaji neno kwa neno. Kama linasema shahada ya elimu yenye somo la Hisabati kama moja ya masomo ya kufundishia, na wewe masomo yako ni Jiografia na Hisabati, umo.

Barua ya maombi ni ya kwako wewe, imesainiwa, ina tarehe, imeelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Kichwa cha habari kitaje kada na somo unaloomba. Barua fupi inatosha, nani wewe, una sifa gani, umeambatisha nini. Kosa ninaloliona kila msimu ni mtu kuomba nafasi mpya na barua ya msimu uliopita, tarehe ya mwaka jana, tena wakati mwingine ina kada nyingine kabisa. Na saini, jamani, saini. Iprinti, isaini kwa mkono, iskani, ndio uipandishe.

Omba mapema, siku za mwisho mfumo unakuwa mzito kwa sababu nchi nzima imeamka usiku mmoja. Ukishamaliza rudi kwenye orodha ya maombi yako uone kama limeingia. Na usipoitwa, ingia kwenye akaunti uangalie, mara nyingi sababu inaandikwa, hiyo ndiyo ya kurekebisha kabla ya tangazo lijalo badala ya kulaumu kwamba wanachukuana kwa koneksheni.

Hatua ya 6: usaili

Mkeka wa kuitwa kwenye usaili ukitoka, kitu cha kwanza ingia kwenye akaunti unakili namba yako ya mtihani, tarehe na kituo, maana siku yenyewe hawagawi namba mlangoni. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, hilo liko kwenye tangazo, kwa hiyo anza kuweka akiba ukiwa bado unasubiri. Beba vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa, beba kitambulisho, NIDA au cha mpiga kura au leseni au hati ya kusafiria, na dipoli kama majina yako yana kasoro. Kopi hazikusaidii pale.

Unaanza na usaili wa kuandika. Maswali yanatoka kwenye mafungu mawili, somo lako na ualimu wenyewe. Kwa somo lako usijidanganye na vitu vya chuo kikuu, rudi kwenye kile kinachofundishwa darasani, chukua muhtasari wa sasa wa TIE, Taasisi ya Elimu Tanzania, na vitabu vya kiada vya form one mpaka form four, piga msuli mada kwa mada. Mtu ana digrii ya kemia anashindwa kusawazisha mlinganyo wa form two kwa sababu ameusahau, hiyo ni aibu ya bure.

Kwa fungu la ualimu, jua tofauti ya mtaala na muhtasari, azimio la kazi na andalio la somo, tathmini endelevu na tathmini tamati, malengo ya kujifunza na ngazi zake, mbinu shirikishi, zana, jinsi ya kushughulika na darasa la wanafunzi wengi, mwanafunzi mwenye mahitaji maalum, kwa wa msingi KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Andalio la somo ujue kulijenga kichwani bila kuangalia: juu zile taarifa za darasa, kipindi, muda, idadi ya wavulana na wasichana walioandikishwa na waliohudhuria, halafu umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli, zana na rejea, kisha hatua za ufundishaji kuanzia utangulizi mpaka hitimisho, pembeni kazi ya mwalimu na kazi ya mwanafunzi, chini tathmini na maoni. Ukijizoesha kuandika la mada moja kila siku jioni kwa kipindi cha kusubiri, hutatetemeka.

Usisahau sheria na maadili. Mfano, umeulizwa mwanafunzi amechelewa kwa mara ya tano mwalimu wa zamu akamchapa viboko nane mbele ya wenzake mstarini, kuna kosa gani? Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, mwanafunzi wa kike anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Wengi wetu tumekulia kwenye mashule ambayo hayo hayakufuatwa kwa hiyo tunajibu kwa mazoea. Mwingine anaulizwa binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, anajibu hapana kwa ukali kabisa, wakati serikali iliruhusu tangu Novemba 2021. Pitia Sheria ya Elimu, pitia kanuni za utumishi wa umma, ujue mwalimu akiwa na mahusiano na mwanafunzi kinachomfuata ni nini.

Ukipita wa kuandika unaitwa orali, na kwa masomo yenye waombaji wachache unaweza kuitwa orali moja kwa moja. Pale ni jopo, unajitambulisha, maswali machache, unatoka. Kwa sekondari jiandae kuongea Kingereza hata kama wewe ni wa Kiswahili, jaribu nyumbani kwa sauti, sio kichwani. Vaa kama mwalimu, salimia, jibu ulichoulizwa, ukiwa hujui sema hujui, kuzungukazunguka kunakula muda wako tu. Wale waliokuwa wanajitolea shule za kijijini au kufundisha shule binafsi huwa wanaonekana tofauti, sio kwa sababu kujitolea kunaongezewa maksi, ila ukiulizwa utamsaidiaje mtoto asiyejua kusoma form one una jina la mtoto kichwani. Ndio maana nasema ukikaa mtaani usikae mbali na darasa, omba barua kwa mkuu wa shule ya jirani ufundishe hata vipindi vichache.

Waliofaulu lakini nafasi zikaisha wanaingizwa kwenye kanzidata, wanaweza kuitwa zikipatikana nafasi nyingine. Kwa hiyo usizime simu wala kubadilisha laini kiholela.

Hatua ya 7: kuripoti

Mkeka wa kuitwa kazini umetoka, jina lako lipo. Furahia, halafu soma barua. Ina halmashauri uliyopangiwa na muda wa kuripoti, ukizidisha nafasi inaweza kwenda kwa mwingine. Usianze kutafuta uhamisho kabla hata hujaiona shule, watu wanapangiwa Kakonko au Tunduru wanalia wiki nzima, wakifika wanakuta kuna nyumba, kuna samaki, kuna shamba la kukodi.

Unaripoti kwa Mkurugenzi, ofisi ya utumishi, na vyeti halisi tena, picha, fomu ya vipimo vya afya kutoka hospitali ya serikali, namba ya akaunti ya benki. Utajaza fomu nyingi, soma unachosaini. Ofisi ya Afisa Elimu ndio inakupa shule. Ulizia posho ya kujikimu na nauli palepale kwa maandishi na ubaki na kopi, kwa sababu maneno ya mdomo kwenye malipo ya serikali hayana mwenyewe. Halafu wanaanza kukuingiza kwenye mfumo wa mishahara, hapo ndipo unasubiri cheki namba, yaani namba yako ya utumishi kwenye mfumo huo. Mshahara wa kwanza unaweza usitoke mwezi ule ulioripoti, nenda na hela ya kula ya miezi miwili, au mweleze mwenye duka la kijijini mapema kabla hujaanza kukopa.

Salary slip ya kwanza itakushangaza, kwa hiyo jua makato kabla: mfuko wa pensheni PSSSF 5% yako na mwajiri 15%, bima ya afya NHIF 3% na mwajiri 3%, kodi ya mapato, chama cha walimu CWT 2%, na kama ulikula bumu bodi ya mikopo wanachukua 15% ya mshahara wa msingi. Usikimbilie mkopo wa benki mwezi wa pili, mabenki yatakuja yenyewe mpaka stafu rumu.

Miezi 12 ya kwanza ni majaribio. Fungua faili lako mwenyewe, weka barua ya ajira, barua ya kupangiwa shule, fomu za kuripoti, mikataba ya utendaji kazi. Jaza tathmini yako kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji kazi, kwa wakati bila kusubiri kukumbushwa. Miezi 12 ikiisha andika barua ya kuomba kuthibitishwa kazini kupitia kwa mkuu wa shule, ifuatilie mpaka TSC wilaya, na ukishathibitishwa chukua nakala yenye mhuri. Kuna walimu wamekaa miaka mitano hawajapanda daraja kwa sababu tu ile barua ya kuthibitishwa haipo kwenye faili na hakuna anayekumbuka ilipotelea dawati la nani.